Msiba Usio na Marehemu

Siwema alikuwa na miezi tisa ndani, na katika miezi hiyo hakuna mwanamume aliyeona hata kisigino chake. Pale nyumbani kwao Mlandizi walijisifia hivyo. Alikula ndani, akaoga uani kabla watu hawajaamka, akasuka ukili mpaka vidole vikawa vinajiendea vyenyewe, na akitaka maji aligonga kata mara mbili, kwa sababu mwali hapazi sauti. Somo yake, Bi Mwanajuma, aliyekabidhiwa kumlea na kumfunda mpaka siku ya kutolewa, alikuwa akiwaambia wageni kwa maringo, "Huyu wangu hajui hata kama nje mvua imenyesha. Kawekwa, akawekeka."

Kusema kweli Siwema alijua mvua imenyesha. Alijua pia kwamba fundi cherehani Mwinyijuma hapatani na mama mkwe wake, kwamba Mto Ruvu umepanda na kuchukua nyavu za wavuvi, na kwamba Jumbe Pazi analia akila pilipili lakini hakubali. Yote hayo aliyajua kwa sababu ya tundu.

Tundu lenyewe alilitoboa baba yake mdogo, Kibwana, kwa mkono wake. Kibwana alikuwa na duka pale barazani, na miaka miwili kabla ya hapo alirudi kutoka mjini na redio ya betri, ya bati, mviringo kama sufuria la pilau, ya kwanza kuingia Mlandizi. Redio ikataka waya mrefu wa kunasia sauti. Kibwana akaufunga mwisho mmoja juu ya mnazi nyuma ya nyumba, akaupitisha chini ya makuti, ukakatiza chumba kilichokuwa cha kuwekea mihogo, ukapenya kwenye tundu la ukutani mpaka mgongoni mwa redio barazani. Baadaye mihogo ikahamishwa, akaingizwa mwali. Hakuna aliyeukumbuka waya.

Siwema alikuwa mtu wa kutazama na kusubiri. Wiki yake ya pili ndani, redio ikikoroma kama mzee mwenye kikohozi, aliushika ule waya ili ausogeze tu usimguse usoni. Sauti ikaja safi, kama mtu aliyetolewa kitambaa mdomoni. Akauachia, ikakoroma. Akaushika, ikasafika. Ng'ambo ya ukuta Kibwana alikuwa ameipiga redio kofi wakati huohuo, akasema kwa fahari, "Mnaona? Redio ni kama punda, inamtaka mwenyewe anayeijua." Tangu siku hiyo, kila jioni saa kumi na moja, Kibwana alipiga kofi, Siwema akashika waya, na sifa zote zikaenda kwa kofi.

Saa hiyo ya jioni ilikuwa ya mtangazaji mmoja anayeitwa Bwana Adamu, na kipindi chake kilikuwa cha dansi: tarumbeta, magita na ngoma, na katikati yeye mwenyewe akipayuka, "Haya, mguu usilale!" Miguu haikulala. Fundi Mwinyijuma alishona kwa kufuata muziki huo, tarumbeta likipanda, cherehani yake ilikwenda mbio kama inafukuzwa, na watu walikuwa wakimwuliza, "Kanzu yangu imebaki nyimbo ngapi?"

Siku ya Siwema kutolewa iliwekwa Jumamosi. Wapiga ngoma walikuwa wamekwisha kuitwa kutoka Soga. Bibi yake mzaa mama, Bi Mwanamkuu, alikuwa anangojwa kutoka Kisarawe. Gauni lilikuwa kwa fundi. Na Jumamosi hiyo haikuwa na nafasi ya kuchezewa, kwa sababu Ramadhani ilikuwa inaingia wiki inayofuata, na Ramadhani hakuna ngoma. Ramadhani ikiisha, kila mtu yuko shambani anavuna mpunga. Siwema alikuwa ameyapigia hesabu yote. Kila siku iliyopita alifungua fundo moja kwenye uzi wa ukili, na mafundo yalibaki manne.

Ndipo ikaja Jumanne.

Saa kumi na moja kasoro kidogo, basi la Morogoro liliharibika mbele ya duka, na juu yake kulikuwa na mbuzi aliyekataa kushuka. Baraza zima likaenda kumshauri mbuzi. Redio ikabaki peke yake, inaongea, na msikilizaji wake akawa mmoja tu, nyuma ya ukuta, kashika waya.

"Wasikilizaji wapenzi," akasema Bwana Adamu, na Siwema nusura auachie waya, kwa sababu sauti ilikuwa ya mtu aliyekaa karibu na mtoto mchanga aliyelala. "Kuanzia leo kipindi chetu kimebadilika. Dansi tumeliweka kando. Mmefanya kazi kutwa, mmechoka. Jioni tutawapigia muziki laini, wa taratibu, wa kutuliza mwili. Vueni viatu. Legezeni mabega."

Viatu Siwema hakuwa navyo, lakini mabega aliyalegeza. Fidla ikaanza kulia polepole, ikivutika kama mlenda, na nyuma yake kinanda kilichokuwa kama kinaomba radhi kila kikiguswa.

Mbuzi aliposhuka, wanaume walirudi barazani wakicheka. Kicheko kilikatika mlangoni. Jumbe Pazi, aliyekuwa mkuu wa kijiji na mtu wa kwanza kushtuka kwa kila jambo, akavua kofia.

"Nani kafa?" akauliza.

"Kwani kafa mtu?" akasema Kibwana.

"Husikii? Huu ni muziki wa watu wazima wenye afya zao? Huu ndio waliotupigia mwaka juzi, Mfalme alipofariki. Kutwa nzima. Fidla hiihii."

Wote walikumbuka. Siku ile ya Mfalme, Mlandizi haikuelewa kitu, na jioni yake watu walicheza ngoma mpaka wakachoka. Hakuna aliyewakaripia. Lakini Jumbe Pazi mwenyewe hakulala, akaenda zake mpaka bomani Kisarawe kuomba radhi. Alikaa kwenye ngazi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na alipoitwa ndani, karani hakuelewa anaombwa radhi ya nini, akampa dawa ya minyoo awapelekee watoto wa kijiji. Aibu ile Jumbe alikuwa nayo bado. Dawa nayo alikuwa nayo bado.

"Safari hii hawatanikuta ninacheza," akasema. "Nani anaweza kuwa?"

Fundi Mwinyijuma alikuwa amekaa kwenye cherehani, mguu umemning'inia. "Bwana Shauri wa Kisarawe," akasema, akimtaja Mzungu mkuu wa wilaya. "Alipita hapa Alhamisi garini, kalaza kichwa, mdomo wazi."

"Alikuwa kasinzia," akasema Kibwana.

"Mzungu anasinzia mchana mbele za watu?"

Hilo lilikata maneno. Jumbe akavaa kofia yake tena, safari hii kwa ajili ya kutoa amri. "Basi ni Bwana Shauri. Kuanzia sasa, ngoma hakuna mpaka arobaini ipite. Kila nyumba itoe unga kibaba kimoja, na wenye kuku watoe kuku. Ijumaa tunakwenda Kisarawe kuwapa pole wenzake."

"Jumbe," akasema Kibwana, "Jumamosi tunatoa mwali."

"Mwali si samaki. Hatanuka."

Nyuma ya ukuta, ukili ulimponyoka Siwema.

*

"Somo," akanong'ona Siwema, Bi Mwanajuma alipoingia na uji. "Somo, hakuna aliyekufa. Mtangazaji kasema wamebadilisha muziki tu. Ati watu wapumzike."

Bi Mwanajuma akaweka kata chini polepole. "Umesikia wapi?"

Siwema akatazama ukuta. Bi Mwanajuma naye akatazama ukuta, akaliona tundu, akauona na waya, na nje, karibu kabisa, akaisikia sauti ya Kibwana akipiga chafya kama yumo humohumo chumbani.

"Toba!" Akakaa. "Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

"Miezi tisa! Nimemwambia nani na nani kwamba mwali wangu hajui hata mvua? Mpaka Soga nimewaambia! Mpaka Kwala! Na wewe umekaa hapa unasikiliza maneno ya wanaume kama karani wa baraza?" Yote haya aliyasema kwa kunong'ona, na kunong'ona kwake kulikuwa kama chungu kinachofurika. "Nikienda kumwambia Jumbe hakuna msiba, ataniuliza nani kakwambia. Nitasema nani? Nimeota?"

"Useme umesikia mwenyewe."

"Nimesikia kwa wapi? Kwa sikio la ukutani? Wakilijua tundu hili, wanawake wenzangu watanivua kilemba cha usomo mbele ya ngoma. Mwali hasikii ya barazani. Basi." Akachukua kipande cha kanga kuukuu, akakisokomeza tunduni mpaka waya ukapinda, akaondoka na uji bila kukumbuka kuuacha.

Siwema hakulia. Alikaa akifikiri. Bwana Adamu amesema "kuanzia leo". Kesho atasema tena. Watu wakitulia kidogo tu, watasikia wenyewe, na hapatakuwa na haja ya sikio la mtu.

Lakini Jumatano saa kumi na moja ilipofika, barazani kulikuwa kimya. Jumbe alikuwa ameifunika redio kwa kaniki nyeusi na kuamuru ifungwe, kwa heshima ya marehemu.

*

Bi Mwanamkuu alifika Alhamisi mchana kutoka Kisarawe, na fenesi kichwani kubwa kuliko kichwa chenyewe. Akakuta barazani magunia mawili ya unga, kuku kumi na wanne waliofungwa miguu, na watu wanaongea kwa sauti za chini. Akakuta na watani. Wanyamwezi wa shamba la mkonge la upande wa Kwala walikuwa wamesikia kwamba Wazaramo wamefiwa na serikali, na kwa kuwa utani haungoji barua, wamekuja kufanya kazi yao ya mazishini. Mmoja wao, pande la mtu, alikuwa amelala chali juu ya meza ya fundi, mikono kifuani, kofia ya ukindu usoni.

"Mimi ndiye Bwana Shauri!" akaunguruma chini ya kofia. "Mbona hamnililii? Wazaramo nyie, hata machozi mnayafanyia ubahili! Lete kuku mmoja nife vizuri!"

"Ondoka kwenye gauni la watu, mtani!" akafoka fundi. "Hilo ulilolilalia ni la mwali!"

"Maiti haondoki. Maiti anabebwa. Nibebeni mpaka kwenye pilau!"

"Nani kafa hapa?" akauliza Bi Mwanamkuu, akitua fenesi.

"Shikamoo, mama," akasema Jumbe Pazi. "Amefariki Bwana Shauri wa kwenu."

"Marahaba. Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne ipi? Mimi jana nimemwona kwa macho yangu, anamkimbiza mbuzi kwenye maua yake. Na mbuzi kamshinda."

Yule maiti akainuka mezani na kukaa. "Basi mimi nimefufuka," akasema, "lakini kuku namtaka vilevile."

Watu wakaanza kucheka, na nyuma ya ukuta Siwema akaona kama mlango umefunguliwa. Kanga ile tunduni haikuzuia maneno ya mtu mwenye sauti kama ya bibi yake. Lakini Jumbe Pazi hakucheka. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia.

"Kama si Bwana Shauri," akasema taratibu, "na muziki umepigwa jimbo zima, basi aliyekufa ni mkubwa kuliko Bwana Shauri."

Kicheko kikafa. Hata watani walitazamana.

"Gavana?" akanong'ona fundi.

"Mimi sitaji mtu. Lakini arobaini haitatosha."

"Haitatosha!" Bi Mwanamkuu akaweka mikono kiunoni. "Sikiliza, mwanangu Pazi. Mimi nimetembea tangu alfajiri kuja kumwona mjukuu wangu anatoka. Mnakwenda kumlilia mtu msiyemjua jina. Mkifika mtaanzaje? 'Tumesikia kafa, nani vile?' Fungueni hilo dubwana lenu liwaambie jina. Likitaja jina, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kulia. Lisipotaja, nisisikie neno la arobaini."

Jumbe akafikiri. Akaiona ngazi ya Kisarawe, na yule karani, na yeye mwenyewe anaulizwa marehemu ni nani. "Kibwana," akasema, "funua."

*

Saa kumi na moja kaniki ikatolewa, redio ikafunguliwa, na baraza zima likainamisha masikio. Redio ikakoroma. Kibwana akapiga kofi. Ikakoroma. Akapiga la pili, la ubavuni, ambalo alikuwa akiliweka kwa siku za shida. Ikakoroma vilevile.

"Redio nayo imefiwa," akasema mtani.

Ndani, Siwema alikuwa amepiga magoti mbele ya somo yake.

"Somo, haisemi kwa sababu umepinda waya. Niruhusu."

"Thubutu."

"Nikiushika inasema. Si kofi la baba mdogo. Ni mimi."

Bi Mwanajuma akamtazama. "Wewe?"

"Tangu wiki ya pili."

"Na Kibwana na punda wake siku zote hizi..." Bi Mwanajuma akaziba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakamtikisika. Kisha akakumbuka kilemba chake, akakunja uso. "Hata hivyo. Uache."

Siwema akavuta pumzi. Hakupaza sauti, hakulia, alisema tu kama mtu anayetaja idadi ya viazi. "Ikisema, Jumamosi natoka. Isiposema, ni arobaini na zaidi. Kisha Ramadhani imo humo. Kisha mpunga. Tutakaa, somo. Mimi na wewe. Humu."

Nje kofi la tatu likalia. Bi Mwanajuma akakitazama chumba. Miezi tisa alilala kwenye mkeka ule ubavuni mwa mwali. Miezi tisa mumewe alikula kwa jirani, na siku za karibuni alikuwa anarudi amenenepa.

"Mpaka mpunga?" akauliza.

"Mpaka uvunwe. Na upepetwe."

Bi Mwanajuma akanyofoa ile kanga tunduni kama anayeng'oa jino. Siwema akaushika waya. Sauti ya mtu ikasikika, lakini mbali, kama iko ng'ambo ya Ruvu. Waya ulikuwa umelegea pale ulipopindwa.

"Hautoshi," akanong'ona Siwema.

"Nipishe," akasema Bi Mwanajuma, mwanamke wa kifua na mikono, akaukamata waya kwa ngumi zote mbili na kuukaza.

Sauti ya Bwana Adamu ikajaa barazani hata kuku wakaruka.

"...na barua nyingine hii, ya Bagamoyo, nao wanauliza nani amefariki. Wasikilizaji wapenzi, tangu jana tumepata barua na simu za upepo kutoka kila mahali. Utete wamefunga maduka. Kilwa wamekwisha kuchinja ng'ombe." Hapo Bwana Adamu alikuwa bado anajitahidi kunong'ona, lakini uvumilivu ulimwishia, na sauti yake ya zamani ikamtoka kama ng'ombe aliyevunja zizi. "Haya, sikieni! Hakuna aliyekufa! Si mkubwa, si mdogo! Ni muziki tu, wa kupumzika! Pumzikeni, jamani, mbona mnakuwa wagumu?"

Kisha fidla.

Barazani watu wakaanza kuulizana. Ndipo, kabla hajajijua, Bi Mwanajuma, ngumi zote mbili ziko kwenye waya na uso uko mbele ya tundu, akaachia kigelegele cha miezi tisa.

Vichwa vyote vikaigeukia redio.

"Hicho kigelegele," akasema Kibwana polepole, "kimetoka redioni?"

"Kimetoka nyuma ya redio," akasema fundi.

Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa karibu na ukuta. Akalitazama tundu. Mle ndani, Bi Mwanajuma akiwa ameruka pembeni, aliona jicho moja, akalijua ni la mjukuu wake, maana lilikuwa jicho la binti yake na la kwake mwenyewe. Akavuta fenesi lake, akaliegemeza ukutani mbele ya tundu taratibu.

"Kimetoka redioni," akasema. "Nyie watu wa Mlandizi hamjapata kusikia kigelegele cha mjini? Sasa, Jumbe. Unga upo. Kuku wamefungwa miguu. Watani wamefika wenyewe bila kuitwa. Kuna kilichobaki?"

Jumbe Pazi akavua kofia, akajifuta uso, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akayalegeza mabega. "Kilichobaki," akasema, "ni mwali."

*

Ijumaa fundi Mwinyijuma alimalizia gauni kwa muziki ule mpya, kwa kuwa mwingine haukuwapo. Mkono wa kulia aliushona kwa kumbukumbu za tarumbeta, ukaisha kwenye kiwiko. Wa kushoto aliushona kwa fidla, na mguu ulipokuja kushtuka mkono ulikuwa umepita vidole. Bi Mwanamkuu akaukunja ndani, akasema hakuna atakayetazama mikono.

Jumamosi ngoma za Soga zililia, na Siwema akatolewa juani akiwa juu ya mabega ya Bi Mwanajuma, amepakwa mafuta, amefungwa shanga, macho chini kama alivyofundwa. Mwali wa kutolewa haangazi huku na huku, na zaidi ya yote hacheki. Akicheka, ni miezi tisa imekwenda bure. Yule mtani wa mkonge alicheza mbele yake huku kashika paja la kuku, akimwambia amshukuru bibi yake kwa kumfufua, na Siwema hakutikisika hata ukope.

Wapiga ngoma walipokaa kunywa maji, ilikuwa saa kumi na moja. Kibwana akasimama, akainua mikono.

"Wageni wa Soga, wageni wa Kwala, wageni wa Kisarawe! Ngojeni kidogo. Mtasikia muziki wa kisasa, wa kupumzikia." Akaiegemea redio yake na kuwakonyeza. "Ila hii ina mambo yake. Ni kama punda. Inamtaka mwenyewe."

Akapiga kofi.

Redio ikakoroma.

Akapiga la ubavuni. Ikakoroma. Akapiga la tatu kwa mikono miwili, kama mtu anayetwanga, na redio ikatoa sauti moja ndogo ya kikohozi, ikanyamaza. "Jana ilikuwa nzima!" akalalamika Kibwana. "Mashahidi mpo!"

Juu ya mabega, Siwema aliuma midomo mpaka ikawa myeupe. Shanga zikaanza kulia zenyewe kifuani mwake. Machozi yakamlenga, akazidi kuinamisha uso, na mwili wote ukatetemeka.

"Tazameni haya aliyonayo," akasema mwanamke mmoja wa Soga, akimgusa mwenzake. "Mwali aliyefundwa ndio huyo."

Na chini yake, akiwa amekaza shingo na kutazama mbele kwa heshima kuu, Bi Mwanajuma naye alikuwa anatetemeka mabega.